SWR inagoma juu ya 3 chaneli zote, na erthi nimeipima nikaona nzima. Nimekwama

Msafara_wa_Tatu

Wakuu, salaam. Nimekaa siku tatu na jambo hili la SWR (kipimo kinachoonyesha nguvu kiasi gani inarudi kwenye redio badala ya kutoka kwenye antena; namba ikiwa ndogo ndiyo nzuri) na maarifa yangu yameishia hapa, kwa hiyo naeleza kila kitu kilivyo ili anayejibu asilazimike kubahatisha.

Gari ni pikapu ya kebini mbili, volti 12. Redio ni CB (redio ya mawasiliano ya masafa mafupi kati ya magari) ya kawaida, chaneli 40, wati 4 za AM. Antena ni fimbo ya fiberglasi ya mita 1.2, ile yenye skrubu ya kurekebishia kileleni chini ya kofia ya plastiki. Nimeifunga kwenye keria ya alumini juu ya paa, kona ya nyuma kulia, kwa kishikio cha chuma na nati yake. Kebo ni RG-58, mita 5 na nusu, imeshuka kupitia mpira wa mlango wa nyuma, ikapita chini ya kapeti hadi kwenye dashibodi.

Mita ya SWR inasema hivi: chaneli 1 imevuka 3, chaneli 20 imevuka 3, chaneli 40 imevuka 3. Skrubu ya kileleni nimeikaza mpaka mwisho, kisha nikailegeza mpaka ikakaribia kutoka. Sindano haikusogea.

Nilichoshuku kwanza ni erthi. Nikachukua maltimita, ncha moja kwenye kishikio cha antena, ya pili kwenye hasi ya betri: omu 0.3. Sikuridhika. Nikavuta waya mnene mweusi kutoka kwenye kishikio mpaka bolti ya chesisi chini ya taa ya nyuma, nikasugua rangi pande zote mbili, nikakaza kwa washa yenye meno. Sasa inasoma omu 0.2, ila SWR imebaki palepale.

Kuna mengine matatu ambayo sijui kama yanahusiana. Nikigusa bodi ya redio kwa mkono wakati narusha, sindano ya mita inahama. Maikrofoni imenichoma mdomoni mara mbili, pale kwenye skrubu yake ya chuma, mchomo mkali kama wa sindano ya moto. Na injini ikiwaka kuna mluzi kwenye spika unaopanda nikikanyaga mafuta na kushuka nikiachia.

Niseme pia kwa nini hili limeninyima usingizi. Tunasafiri magari matatu kwenye njia ambazo simu hazishiki kabisa. Safari iliyopita gari la nyuma lilizama kwenye mchanga, dereva wake akaita kwenye redio karibu robo saa. Alikuwa umbali wa kilomita 2 tu. Mimi wa mbele sikusikia chochote. Tulitambua kwa kuwa vumbi lake halionekani tena nyuma yetu. Alikuwa na mkewe na mtoto ndani. Sitaki kurudi kule na redio ya namna hii.

Kama erthi ni nzima, nitafute wapi?

Kijana_Mawimbi

Pole sana mkuu. Hiyo antena imekufa, badilisha tu. Kama haikusaidia, tafuta busta (kiongeza nguvu ya kurushia) ya wati 100 uiweke katikati, watakusikia hadi wasiotaka kukusikia.

FundiWaya

Ndugu Msafara, usinunue kitu bado. Na wewe kijana wangu, busta usimpe mtu ambaye SWR yake imevuka 3. Kwenye 3 kamili robo nzima ya nguvu inarudi: katika wati 4, wati 1 inageuza njia na kurejea kwenye redio. Ukirusha wati 100 kwenye antena hiyohiyo, zinazorudi ni 25. Transista ya mwisho haitadumu, na mchomo wa mdomoni utakuwa kidonda. Tena yeye shida yake ni kusikia pia, na busta haimsaidii mtu kusikia.

Msafara, umeeleza vizuri kiasi kwamba nusu ya jibu imo ndani ya maelezo yako. Kabla sijasema, nifanyie vitu vitatu.

Kwanza, fungua kebo nyuma ya redio kabisa, uondoe na ule waya mweusi ulioongeza, halafu rudia kupima kutoka kwenye kishikio hadi kwenye bodi ya gari. Pili, kebo ikiwa bado imefunguliwa, pima kwenye plagi yake: pini ya katikati hadi ganda la nje, kisha ganda hadi kishikio huku unaichezesha kebo pale inapoingia kwenye plagi. Tatu, niambie ule waya mweusi una urefu gani. Upime kwa futi ya fundi, usikadirie.

Mita ya SWR uliitegaje? Watu wengi huitega mara moja kwenye chaneli 1 na kusoma zote bila kuitega upya.

Msafara_wa_Tatu

Asante sana FundiWaya. Nimetoka kwenye gari sasa hivi.

Mita naitega upya kila chaneli: swichi kwenye FWD (nguvu inayokwenda), nazungusha SET mpaka sindano ifike mwisho, narudisha kwenye REF (nguvu inayorudi) ndipo nasoma. Gari liko uwanjani, milango imefungwa, hakuna ukuta wala mti karibu.

Kebo ikiwa imefunguliwa na waya mweusi umetoka, kishikio hadi bodi: hakuna kitu. Wazi kabisa! Nimerudia mara nne maana sikuamini. Kishikio hadi keria yenyewe inasoma, lakini keria hadi paa haisomi. Nimeangalia, keria imekalia miguu ya mpira na imepakwa rangi ile ya unga iliyookwa.

Pini ya katikati hadi ganda: wazi. Ganda hadi kishikio: omu 0.1, lakini nikiikunja kebo karibu na plagi inaruka hadi omu 40, kisha inarudi.

Waya mweusi: mita 2.7.

Sasa naomba unieleze. Mwanzo nilipima omu 0.3 na mita haikudanganya, maana nimeijaribu kwenye vitu vingine. Ilikuwa inasoma nini?

FundiWaya

Mita haikudanganya. Ilijibu swali uliloiuliza, na swali halikuwa lenyewe.

Kipimo cha kwanza kilipita hivi: kishikio, nyuzi za nje za kebo, ganda la plagi, bodi ya redio, waya hasi wa redio, betri. Njia hiyo ipo siku zote kebo ikiwa imefungwa kwenye redio, hata kishikio ukikifunga kwenye kiti cha mbao. Kwa hiyo ulipima waya hasi wa redio yako ukadhani unapima erthi ya antena. Mtego huu nimeuona kwa mafundi wa magari wenye uzoefu mkubwa, kwa sababu kwenye taa na honi njia hiyo ni erthi halali kabisa. Umeme wa betri haujali umepita wapi, mradi umefika.

Mawimbi ya redio yanajali. Nikueleze huo waya wako wa mita 2.7, kwa sababu umeangukia kwenye urefu mbaya kuliko wote ambao ungeweza kuuchagua.

CB iko kati ya megahezi 26.965 ya chaneli 1 na 27.405 ya chaneli 40. Wimbi moja hapo lina urefu wa mita 11 hivi. Robo yake ni mita 2.75. Waya wenye urefu wa robo ya wimbi, ukiufunga vizuri upande mmoja kwenye chuma, upande wa pili kwa mawimbi unaonekana kama haujafungwa popote. Kadiri ulivyosugua rangi na kukaza bolti kule chini ya taa, ndivyo huku juu kwenye antena ulivyozidi kuonekana uko wazi. Maltimita inasoma omu 0.2 kwa sababu inatumia umeme wa betri usio na wimbi. Hivyo maltimita na mita ya SWR zote zinasema kweli, ila ya SWR tu ndiyo inayoihusu antena.

Ndiyo maana erthi ya antena huwa haitengenezwi kwa waya mrefu. Inatengenezwa kwa mkanda wa shaba uliosukwa, bapa, mpana, mfupi kadiri ya uwezo wako. Sentimita 10 ni nzuri. Sentimita 50 tayari naanza kununa. Upana una maana yake: mawimbi hutembea kwenye ngozi ya nje ya chuma, hayaingii ndani, kwa hiyo unene wa waya wa duara haukupi ulichotarajia.

Halafu tuje kwenye sindano inayohama na mdomo uliochomwa. Fimbo hiyo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni paa la gari. Ukiinyima paa, mkondo hautulii. Unatafuta nusu nyingine, na iliyo karibu ni ngozi ya nje ya kebo yako. Unashuka nayo hadi ndani ya kebini, unaingia kwenye bodi ya redio na waya wa maikrofoni. Mdomo wako ukawa sehemu ya antena. Ukigusa redio, umeongeza mwili wako kwenye antena, na sindano ikakuonyesha.

Na hiyo omu 40 inayoruka ni tatizo la pili lililojificha nyuma ya la kwanza. Nyuzi za nje zimekatika au hazikushika risasi ndani ya plagi. Ikate plagi hiyo, nenda nyuma sentimita 10. Nyuzi zikiwa nyeusi, maji yameingia, endelea kukata mpaka ukute zinazong'aa. Zikiendelea kuwa nyeusi baada ya nusu mita, tupa kebo nzima.

Fanya plagi kwanza, upime SWR. Kisha fanya erthi, upime tena. Usifanye vyote kwa pamoja, hutajua kilichokuponya ni kipi.

DerevaWaUsiku

Naongeza moja kwa wenye malori, maana wengi wanaosoma hapa wana malori kama mimi. Kebini zetu nyingi paa lake ni fiberglasi, ukiweka antena ya sumaku haishiki, na hata ukiigundisha kwa gundi haina chuma chini yake cha kufanyia kazi. Wengi hufunga kwenye mkono wa kioo cha pembeni. Mkono huo mara nyingi umekaa juu ya vipande vya plastiki au una rangi nzito, kwa hiyo hali ni ileile ya keria ya ndugu Msafara. Mimi nilitoa mkanda mfupi kutoka mkono wa kioo hadi bawaba ya mlango, nikafurahi siku mbili. Bawaba yenyewe ina grisi na haigusi vizuri, nikifungua mlango SWR inabadilika. Ilinibidi niongeze mkanda wa pili kutoka mlangoni hadi nguzo ya kebini, wenye kulegea kidogo ili mlango ufunguke. Hapo ikatulia.

La pili: malori ni volti 24. Msichukue volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Betri moja inafanya kazi ya ziada na nyingine inachajiwa kupita kiasi, zote mbili zinakufa mapema. Wekeni kipunguza volti, na kikae mbali na kebo ya antena, kwa sababu vingine vyenyewe ni kiwanda cha kelele.

Kijana_Mawimbi

Nashukuru kwa kusahihishwa, FundiWaya. Swali la kujifunza: sasa antena ya sumaku inapataje erthi na haigusi chuma? Chini ina mpira.

FundiWaya

Swali zuri. Bamba la chini la sumaku na paa la gari, na rangi na mpira mwembamba katikati, ni kapasita. Mawimbi yanavuka kapasita bila shida kama eneo ni kubwa na pengo ni dogo. Ndiyo maana inataka chuma kikubwa chini yake, na ndiyo maana ukiiweka juu ya keria au ukingoni mwa buti inaharibika. Katikati ya paa ndipo mahali pake.

Na uking'amua antena ya namna hiyo inasoma shoti kati ya pini na ganda, usiharakishe kuitupa. Baadhi zina koili ya chini iliyofungwa kwenye erthi makusudi. Ya ndugu Msafara ni fimbo ya fiberglasi isiyo na koili ya namna hiyo, kwake kusoma wazi ni sahihi. Angesoma shoti, ningemwambia aangalie ile washa ya nailoni kwenye nati, maana watu huipachika upande usio wake na bolti ikagusa kishikio.

Msafara_wa_Tatu

Wakuu, nimerudi. Nimefanya kwa mpangilio ule ule.

Plagi: nilipoikata, nyuzi tatu nne tu ndizo zilizokuwa zimeshika. Weusi ulikuwa sentimita 6, baada ya hapo shaba safi. Nimeunga plagi mpya kwa risasi, nikazungushia mpira wa kusinyaa. Kuruka kumekwisha. SWR: bado juu ya 3 kote. Ningekuwa nimeishia hapo ningesema plagi haikuwa tatizo.

Erthi: nimetoa mguu wa keria ulio karibu na antena. Chini yake kuna bolti inayoingia moja kwa moja kwenye uzi ulio ndani ya chuma cha paa. Nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, sentimita mbili kuizunguka. Nikakata mkanda uliosukwa wa shaba iliyopakwa bati, sentimita 12, upana kama wa kidole gumba, kutoka kwenye kishikio chenyewe hadi bolti hiyo. Ule waya mweusi nimeutupa.

Nikaitega mita, nikabonyeza. Chaneli 1: 1.4. Chaneli 20: 1.7. Chaneli 40: 2.1.

Nikabonyeza tena na mkono juu ya bodi ya redio. Sindano imetulia. Sijui niwashukuru vipi.

Mluzi wa injini bado upo. Nao ni erthi?

FundiWaya

Umefanya kazi safi. Huo mkanda wa bati umeuchagua vizuri, shaba tupu ikikutana na alumini penye unyevu vinalana. Paka grisi juu ya chuma ulichosugua kabla mvua haijakupata, paa likianza kutu ndani ya ule uzi utajuta.

Soma namba zako: zinapanda kuelekea chaneli 40. Antena ni ndefu kidogo. Ingiza ile skrubu ya kileleni nusu zunguko, rudisha kofia, pima. Kofia lazima irudi kabla ya kupima, nayo ina athari. Ingekuwa chaneli 1 ndiyo iliyo juu, ungelegeza. Unatafuta 1 na 40 zikaribiane na 20 iwe ya chini kuliko zote. Ukipata 1.3 katikati na 1.6 pembeni, funga boneti ukapumzike. Kutoka 1.5 kwenda 1.1 hakuna sikio litakalosikia tofauti. Kwenye 1.5 kinachorudi ni asilimia 4 tu.

Mluzi ni wa alteneta. Washa injini, toa plagi ya antena nyuma ya redio, usikilize. Usirushe ikiwa imetolewa! Mluzi ukibaki, unaingia kwa njia ya waya wa umeme. Ukipotea, unaingia kwa antena. Redio umeichukulia umeme wapi?

Msafara_wa_Tatu

Kwenye tundu la kiberiti. Nimejaribu: antena nje, mluzi uko vilevile.

DerevaWaUsiku

Basi ndiyo hapo. Waya wa kiberiti unashirikiana na nusu ya gari. Vuta waya mbili moja kwa moja kutoka betri, chanya iwe na fyuzi karibu kabisa na betri, sio karibu na redio. Waya ukichubuka kwenye bati kati ya betri na fyuzi, hakuna kitakachouzuia kuwaka moto.

FundiWaya

Kweli kabisa. Hasi nayo, kama gari lako lina kile kisanduku kidogo cha kupima mkondo kwenye nguzo hasi ya betri, usifunge kwenye nguzo. Funga kwenye bodi, pale waya mkubwa wa betri unapoingia. Tena kuna faida: mkanda wa erthi wa injini ukikatika siku moja, mkondo wa stata hautapita kwenye waya wa redio yako kutafuta njia ya kurudi.

Msafara_wa_Tatu

Nimemaliza jana jioni. Waya kutoka betri, fyuzi sentimita 15 kutoka kwenye chanya, hasi kwenye bodi. Mluzi wa alteneta umetoweka kabisa. Umebaki mlio mdogo wa tik-tik nikiwa nimesimama, nadhani ni pampu ya mafuta, nitaufuata taratibu.

SWR baada ya mizunguko miwili ya skrubu: chaneli 1 ni 1.5, chaneli 20 ni 1.3, chaneli 40 ni 1.5.

Leo asubuhi tumetoka magari mawili. Yule mwenzangu aliyezama kwenye mchanga ndiye aliyekwenda mbele, nikamwomba aendelee kuongea tu, ahesabu kilomita kwa kutazama odomita yake. Kwenye kilomita 2 sauti yake ilikuwa kama amekaa kiti cha pembeni. Kwenye 4 ilianza kuwa na mchanga ndani yake. Kwenye 6 nikamsikia anasema, "Bado unanipata?" Nikamjibu, naye akanipata.

Mkanda wa pili nauweka kesho kwenye mguu wa kushoto. Gari la tatu nalo lina keria yenye miguu ya mpira, nimemwambia mwenyewe asiguse chochote mpaka nifike na msasa.